Hodi ya Mkwezi

Temeke ya wakati wa Mwingereza ilikuwa na minazi mingi kuliko nyumba. Bafu letu lilikuwa uani, makuti pande zote, juu wazi. Unajimwagia maji huku unatazama mawingu. Watu wa siku hizi wanaojifungia ndani ya vigae watashangaa, lakini ndivyo tulivyooga, na ndiyo maana mkwezi wa nazi alikuwa na adabu yake. Kabla hajavuka kimo cha ua, lazima apige hodi kwa sauti, ili wanawake walioko bafuni wajitupie kanga. Aliyepanda kimyakimya alionekana mhuni, na mtaani hapewi tena mnazi wa kuangua.

Baba yangu alikuwa mkwezi. Hodi yake ilikuwa ndefu, ya kujidai kidogo, na mtaa mzima waliijua.

Siku ile alipanda mnazi wa nyuma ya nyumba yetu wenyewe. Mama alikuwa bafuni, mimi nilikuwa uani napepeta mchele. Baba akapiga hodi yake, na mama, badala ya kujifunika, akamjibu kwa utani, "Tazama tu bwana, unamwogopa mkeo?" Baba akacheka. Niliinua kichwa nimwone anavyocheka, nikaona mguu wake unatafuta kikato cha kukanyagia na kukikosa. Alikata roho kabla ya magharibi.

Watu walisema mengi. Wengine jicho la hasidi, wengine jini la mnazi. Eda ikaisha, mama bado anajikalia katika giza la chumba chake, anakonda mpaka bangili zinamvuka zenyewe. Alioga na kanga yake mwilini, na humo bafuni nilimsikia akinong'ona, "Nimemwangusha mimi." Niliogopa sana. Nilikwisha kumzika mmoja, na niliona wazi kwamba wa pili yuko njiani. Kila nazi kavu ilipodondoka nyuma ya nyumba, puu, sote wawili tuliacha tulichokuwa tukifanya, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Shuleni kwetu wasichana tulikuwa wa kuhesabika. Siku moja mwalimu alipanda juu ya meza, jiwe mkono huu, kipande cha chaki mkono ule, akaviachia pamoja. Vikafika chini pamoja. Akasema dunia inavuta kila kitu, kizito kwa chepesi, mchana na usiku, wala haina chuki na mtu. Wenzangu walibishana kuhusu jiwe na chaki. Mimi nilishika maneno yale ya mwisho tu, na kengele ilipolia nilitoka mbio mpaka nyumbani.

Mama alikuwa anakuna nazi. Hata shikamoo niliisahau.

"Mama, si wewe! Ni ardhi. Mwalimu katuonyesha, inavuta kila kitu. Hata ungenyamaza, ingemvuta tu."

Akaacha kukuna. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kunitazama usoni.

"Na siku zote zile alizopanda akashuka salama, hiyo ardhi ilikuwa imelala?"

Nilifurahi, maana jibu nilikuwa nalo.

"Hailali, mama. Ilikuwa inamvuta kila siku. Ila yeye alikuwa anajishikilia."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Miaka yote hiyo mwenzangu anajishikilia." Aliyasema polepole, huku akiitazama nazi iliyomganda vidoleni. "Mpaka nilipomchekesha."

Nilimchukia mwalimu, nikalichukia jiwe lake na chaki yake. Mama aliteleza kutoka kwenye mbuzi ya kukunia, akakaa mchangani na kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Nilimkumbatia kiunoni nikakaza mikono kwa nguvu zangu zote, kwa sababu ardhi ilikuwa inamvuta na yeye, na wa kumshikilia nilikuwa nimebaki mimi tu.