Fundi Mikono Nyuma

Kompyuta zote ishirini na mbili za ofisi ile ya viwanja zilikuwa chini ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na kiapo cha kutozigusa mbele ya mwenyewe. Ukimpigia simu kwamba mashine yako imegoma, atakuja, hilo huwezi kumnyima. Atakuja upesi hata kama chai yake bado inafuka moshi. Lakini akifika atasimama nyuma ya kiti chako, ataifunga mikono mgongoni kama askari wa gwaride, kisha atakuuliza, "Imeandika nini?" Wewe uliyetaka akutengenezee uendelee na shughuli zako utamjibu kwamba hujui, imeandika mambo yake. "Soma," atasema. "Kwa sauti." Ndiyo maana wakamwita Fundi Mikono Nyuma, na wapo waliomwita majina mengine ambayo siyaandiki hapa.

Walimwona ana maringo. Karani wa mapokezi alikuwa akitangaza waziwazi kwamba jamaa hajui kitu, anajificha nyuma ya maswali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; laiti wangejua alikotoka, wangefunga midomo.

Miaka tisa nyuma, katika ofisi nyingine, fundi huyu alikuwa kipenzi cha wote. Ukimwita tu amefika, anakusogeza pembeni wewe na kiti chako, vidole vinacheza dakika mbili, tayari. Walimwita Daktari, naye, binadamu ni binadamu, jina lilimkaa vizuri. Kisha siku moja akaanguka kutoka kwenye ngazi akipitisha nyaya darini. Mguu ukavunjika mahali pawili, akalala wiki saba. Aliporudi na magongo yake alikutana getini na mpiga chapa wao wa siku nyingi, anatoka na vitu vyake ndani ya boksi. Mashine ilikuwa imemgomea mama wa watu kwa wiki saba mfululizo, na wakubwa wakaamua kwamba mbovu si mashine. Yule mama hakumtukana. Aliyatazama magongo, akamtazama usoni, akasema, "Baba, ulinisaidia mpaka ukanimaliza." Tangu siku hiyo mikono ikaenda mgongoni.

Sasa, katika ofisi hii ya viwanja alikuwapo mama mmoja, mtunza mafaili kwa miaka ishirini na sita, wakamwita Mama Masjala. Ukimtajia namba ya kiwanja alikuwa akienda moja kwa moja kwenye rafu, kama mtu anayekwenda jikoni kwake kuchukua chumvi. Mafaili yalipohamishiwa kwenye kompyuta, akageuka mgeni nyumbani kwake. Kila ujumbe uliotokea kwenye skrini aliubonyeza "Sawa" bila kuusoma, kama mtu anayeitikia salamu. Siku moja mashine ilimuuliza kama ana hakika anataka kufuta kumbukumbu zote za mwezi, naye kwa adabu zake akajibu sawa. Na printa ikichelewa alibonyeza tena, na tena, mpaka ikamtapikia nakala thelathini na nne za barua moja.

Mwezi huo ikatoka amri kwamba kila mtumishi wa masjala atapimwa kwenye kompyuta mbele ya mkaguzi kutoka makao makuu, na atakayeshindwa atapunguzwa kazi. Mume wa Mama Masjala alikuwa amepooza upande mmoja, mwaka wa tatu sasa, na mshahara pekee ulioingia katika nyumba ile ulikuwa wa mkewe. Fundi alilijua hilo. Kila mchana alikuwa akimwona mama yule anatoka mbio kwenda kumgeuza mumewe kitandani, kisha anarudi mbio, jasho linamtiririka, kabla saa ya chakula haijaisha.

Kwa wiki sita akamfundisha kila asubuhi kabla mlango wa wateja haujafunguliwa. Alimpa daftari, akamwambia kila tatizo liandikwe humo: kosa, sababu, dawa, na tarehe. Mashine ikikataa, kabla ya kubonyeza chochote, ajiulize imeandika nini, amejaribu nini, na nini kimebadilika tangu ilipofanya kazi mara ya mwisho. Akikwama kabisa, kipo kisanduku cha msaada; achape swali lake humo kama anavyomuuliza mtu.

"Nimuulize nani?" mama alishangaa. "Hilo kabati?"

"Liulize, mama. Lina subira kuliko mimi."

Juma la tatu alilia. Barua aliyoiandika kwa nusu saa ilikuwa imepotea mbele ya macho yake. "Mwalimu, si unibonyezee tu hapo? Mara moja tu, kwa hisani yako." Fundi alivikunja vidole mgongoni mpaka vikauma. "Soma, mama," alisema. Mama akapangusa machozi, akasoma, akaipata barua yake. Kutwa nzima hakumsemesha.

Basi mtu huyohuyo, mwenye vyuma mguuni na maneno ya getini masikioni, asubuhi ya mtihani alifanya nini? Akafika saa moja kasoro robo, akafungua masjala kwa ufunguo wa akiba, akakaa kwenye kiti cha Mama Masjala na kuigusa mashine.

Kilichomtia hofu ni printa. Printa ya masjala ilikuwa kuukuu, na tabia yake ilikuwa kutafuna karatasi. Fundi alikuwa ameitwa mara mbili kwa ajili hiyo, kisha simu zikakoma, naye akaamini kwamba mama anaiogopa na ameacha kuitumia. Usiku wa kuamkia mtihani aliota ikimtafuna mama mwenyewe. Ukuta wa pili, chumbani kwa katibu muhtasi, kulikuwa na printa mpya. Akaiunganisha na mashine ya mama, akaiweka ya kwanza kwenye orodha, ile kuukuu akaishusha chini. Ilimchukua dakika tatu. Alinuia kumwambia mama mara tu atakapoingia. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo alipenda sana kuwatajia wengine.

Lakini mama aliingia akiwa ameongozana na mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alivua saa yake ya mkononi, akailaza mezani. "Dakika arobaini," alisema. "Utafute kumbukumbu ya kiwanja hiki, umwandikie mwenye kiwanja barua, uchapishe nakala mbili, kisha uitume kwa barua pepe. Daftari lako unaruhusiwa." Akamgeukia fundi. "Wewe kaa kwenye benchi. Umeme ukileta matata nitakuita. Lakini ukifungua mdomo kabla sijakuita, au ukigusa kitu, mtihani wa huyu umeishia hapo. Tumeelewana?"

Pumzi moja ya kusema aliipata. Mheshimiwa, kuna kitu nimebadilisha. Aliogopa kwamba maneno hayo yenyewe yangeuvunja mtihani, akayameza.

"Tumeelewana," alisema.

Mama Masjala alianza vizuri. Kiwanja alikipata kwa dakika nne. Barua aliichapa kwa vidole viwili, pole pole, akaihifadhi mara tatu kwa woga. Fundi alikaa juu ya viganja vyake ili visimponyoke. Dakika ya ishirini na moja mama akabonyeza kuchapisha, akaigeukia printa kuukuu, akangoja.

Printa ikanyamaza kimya.

Hapo ndipo fundi aliposikia, kupitia ukutani, birika la umeme likianza kuvuma. Katibu muhtasi alikuwa na soketi moja tu karibu na meza yake, na kila asubuhi alichomoa waya wa printa mpya ili achemshe maji ya chai. Ofisi nzima ilijua. Fundi naye alijua, na asubuhi ile hakukumbuka.

Ujumbe ukajitokeza kwenye skrini. Mkono wa mama ukaruka kwenye kipanya, mshale ukatua juu ya neno "Sawa," na fundi akafumba macho. Alipoyafumbua, mshale ulikuwa bado palepale na mama alikuwa anasoma kwa midomo. "Printa... haipatikani." Akaitazama printa iliyokuwa pembeni yake, ana kwa ana. "Haipatikani vipi, nawe umekaa hapa?"

"Kuna tatizo?" mkaguzi aliuliza.

"Lipo, mheshimiwa. Nalisoma."

Akafungua daftari. Taa inawaka. Waya umekaza. Karatasi zimo. Alipitisha kidole kwenye kila mstari, akainama chini ya meza, akainuka na vumbi magotini. Dakika ya ishirini na saba. Dakika ya ishirini na tisa. Fundi alihisi shati limemganda mgongoni. Neno moja tu, "orodha," lingetosha, na neno hilo lilikuwa limemkaa kwenye ncha ya ulimi kama kaa la moto. Akasema moyoni, nimemmaliza na huyu. Nimempoteza mwingine, tena safari hii nikiwa na miguu yangu miwili.

"Nini kimebadilika?" mama alijiuliza kwa sauti, kama alivyofundishwa. "Jana saa kumi ilichapisha. Mimi sijabadilisha kitu." Kisha akageuza kichwa taratibu, akamtazama fundi kwenye benchi. Fundi alitazama viatu vyake.

Mama aliirudia mashine, akafungua kisanduku cha msaada, akachapa kwa vidole vyake viwili: printa yangu iko hapa lakini inasema haipatikani. Majibu yakaja mengi. Akayasoma moja moja, na saa ya mkaguzi inasoma dakika zake. Jibu la tatu lilisema mtu ahakikishe ni printa ipi iliyochaguliwa. Orodha ile hakuwahi kuifungua maishani mwake. Alifuata maelekezo, hatua kwa hatua, kidole kikiwa juu ya skrini ili asipotee, mpaka akakuta jina la katibu limekaa juu kabisa. "Ahaa," alisema, kwa sauti ya mama aliyemkuta mtu chumbani mwake. Akaishusha printa ya katibu, akaipandisha ya kwake, akabonyeza mara moja tu, akaweka mikono mapajani.

Printa kuukuu ikakohoa, ikatoa nakala ya kwanza. Ya pili ikafika katikati, ikatafunwa.

Fundi aliinuka nusu. Mkaguzi akamtupia jicho, naye akakaa tena. Lakini mama alikuwa ameshazima swichi, ameshafungua mlango wa nyuma wa printa, ameshaikamata karatasi kwa mikono miwili na kuivuta kwa upole, sawa pande zote, isichanike. Akafunga, akawasha, akachapisha tena. Hakuwa amefungua hata daftari. Barua pepe ikaondoka zikiwa zimebaki dakika mbili.

Mkaguzi alivaa saa yake. "Hiyo printa imekukwamia mara ngapi mpaka ukaizoea hivyo?"

Mama alifungua daftari kuhakiki. "Kumi na saba, mheshimiwa. Tangu mwezi uliopita."

Mkaguzi akaandika "amefaulu" kwenye fomu, akatia sahihi, akatoka kwenda ofisi nyingine. Mlango ulipojifunga, chumba kilibaki na watu wawili na mvumo wa birika.

"Nani ameigusa mashine yangu?"

"Mimi, mama. Leo asubuhi. Nilidhani ile kuukuu itakuangusha. Niliogopa. Nisamehe."

Mama hakufoka, angefoka ingekuwa nafuu. Alikaa, akazipanga barua zake mbili, akazinyoosha kwa kiganja. "Mume wangu ana mkono mmoja mzima," alisema. "Wageni wakija kumtazama, wanamnyang'anya kijiko wamlishe. Wanamhurumia, si wabaya. Wakiondoka hataki kula siku nzima. Mimi namwachia kijiko chake. Anamwaga, tunafuta, anakula." Akamtazama. "Wiki sita umeniachia kijiko, mwanangu. Leo ndiyo siku ya kuninyang'anya?"

Fundi aliona aibu, na ndani ya aibu ile kulikuwa na furaha aliyohisi hana haki nayo.

Mama alimsogezea daftari na kalamu. "Andika. Utaratibu unaujua."

Akainama mezani, akaandika. Kosa: printa haikuchapa. Hapo kwenye sababu kalamu ikasita. Angeweza kuandika soketi, au birika, na lisingekuwa uongo. Akaandika: fundi hakumwamini mwanafunzi wake. Kwenye dawa akaandika: amwamini.

Mama Masjala alivuta daftari, akasoma kwa midomo, mstari kwa mstari, bila haraka. Kisha akamrudishia.

"Tarehe, mwalimu," alisema. "Hujaandika tarehe."