Nilingoja Pancras Aseme Mwaga

Wakuu, kwenye gemu nimekufa mpaka nimezoea. Nimeunguzwa na majoka, nimekanyagwa na mazimwi, nikaamka nikaendelea.

Ila kifo kilichoniuma kilinikuta mchana kweupe, nimekaa mkekani Chilangala, nimevaa shati jipya, simu nimeizima.

Kaeni niwape mkasa.

Naitwa Nehemia, mtu wa Dodoma, fundi simu hapa Masasi mjini. Wateja wakipungua naingia kwenye gemu la mtandaoni, lile la kuua mazimwi kwa timu. Sisi tulikuwa watatu.

Pancras, mshikaji wangu anayeishi Nanganga, alikuwa ngao. Kazi yake ni kulichokoza zimwi mpaka hasira zake zote zimwangukie yeye. Yuliana, mwalimu wa chekechea hapa mjini, alikuwa tabibu. Mimi nilikuwa mpigaji, mwenye moto wa kulimaliza zimwi.

Sasa mpigaji ana ugonjwa mmoja: papara. Ukimwaga moto kabla ngao hajazishika hasira, zimwi linamwacha yeye, linakugeukia wewe. Na ngozi ya mpigaji ni nyepesi kama ya bibo, lile tunda la mkorosho. Kofi moja tu, kwisha habari yako, na timu nzima inakufuata.

Pancras ndiye aliyenifundisha.

"Tulia, Nehe. Kaa nyuma yake. Ukiona linaanza kukuangalia, punguza mkono. Nikisema mwaga, ndipo umwage."

Nikaiva. Nikajua kugonga kidogo, kusubiri, kugonga tena. Pancras akawa anawatangazia watu kwamba zimwi linaanguka bila kujua kama nilikuwepo.

Niliipenda sana sifa ile. Leo sitaki hata kuisikia.

Yuliana nilimpenda humohumo gemuni. Tukaanza kuonana, soda mbili tatu, nikamwambia nataka kwenda kwao. Akasema sawa kwa sauti ya chini. Nikadhani ni aibu.

Hapo nikaharibu. Kwetu binti anaombwa kwa baba yake, kwa hiyo nikamtumia baba yake salamu kwamba kuna kijana wa Masasi anakuja na posa. Sikujua kwamba kwao Yuliana, Umakondeni, baba anasalimiwa tu. Anayeombwa ni mjomba.

Mjomba Ladislaus, kaka wa mama yake, akazisikia habari hizo njiani kwa watu baki. Akawaka.

Nikahitaji mshenga mwenye kifua. Nani mwingine, jamani? Pancras Kimakonde anakijua, na kubeba hasira ndiyo fani yake. Nikajiona nina akili kinoma.

"Posa nayo ni zimwi," akaniambia. "Mimi nitamshika mjomba. Wewe kaa nyuma, usifungue mdomo. Akipoa nitasema mwaga, hapo useme ya moyoni."

Tukapanda basi mpaka Newala, kisha bodaboda mpaka Chilangala, nyumbani kwa mjomba. Mikorosho ilikuwa imechanua, salfa waliyoipulizia inanuka njia nzima.

Mjomba aliipokea shikamoo yangu bila kuniangalia. Kisha akaanza. Akauliza ni watu gani hawa wanaomwomba mtoto wa dada yake kama mtu anayeomba moto kwa jirani. Baba yake Yuliana alikuwa pembeni, anatazama vidole vyake vya miguu.

Pancras akapiga magoti.

"Mjomba, kosa ni langu. Nigombeze mimi."

Alipigwa maneno mpaka nikamwonea huruma. Wakahamia Kimakonde, na mimi nikabaki nasoma nyuso. Pancras alikuwa anapokea, anatania, anajifuta jasho. Mara mjomba akacheka. Akina mama nao wakacheka.

Nikasema moyoni, hasira zimeshikwa. Nikajikunyata nyuma ya mgongo wa Pancras, nangoja neno moja tu.

Yuliana akaitwa. Mjomba alikuwa na utaratibu wake nyumbani kwake, na ili wote tuelewe akausema kwa Kiswahili. Huku juu maji ni ya shida, akasema, hayamwagwi ovyo. Basi Yuliana achote kikombe, ampe yule anayemtaka.

Yuliana akaja na kikombe kwa mikono miwili. Akampa Pancras.

Wakuu, nilitabasamu. Nilijua mshenga anapokea kwa niaba yangu, kisha atageuka anipe.

Pancras akanywa. Akanywa mpaka tone la mwisho, mgongo wake hapa mbele ya pua yangu.

Vigelegele vikapigwa. Mimi bado nangoja mwaga.

"Na huyu kijana mpole ni nani?" mjomba akauliza.

"Rafiki yangu huyo, mjomba. Amenisindikiza."

Kumbe Kimakonde chote kile alikuwa anajiombea mwenyewe.

Nikafungua mdomo. Nikamtazama Yuliana aniokoe, nikamkuta anamtazama yeye. Mdomo nikaufunga.

Baadaye nilimkuta Yuliana nje, nikamuuliza amewezaje. Alilia kweli, hilo simnyimi.

"Nisamehe, Nehe. Siku zote macho yangu yalikuwa kwake, maana yeye ndiye anayepigwa. Wewe hujawahi kuhitaji dawa yangu."

Niliumia. Naumia mpaka sasa, sijifichi.

Wameshaoana. Juzi wakanialika gemuni, eti tusiwekeane kinyongo. Nikaingia.

Zimwi likatokea. Pancras akasema tulia, kama kawaida yake. Nikamwaga moto wote kabla hajaligusa.

Likanigeukia. Yuliana alikuwa amebakiwa na dawa moja, akaitumia kwa Pancras, ambaye hakuwa na hata mkwaruzo.

Nilikufa nikilitazama zimwi usoni. Tangu nilipoingia kwenye timu ile, ndilo pekee lililowahi kunitazama vizuri.

Funzo ni hili, wakuu. Kujificha machoni pa adui ni ufundi, na gemuni nawashauri mjifunze. Ila mwenye jambo lake huwa haendi mkono mtupu wala mdomo mtupu. Ukituma mshenga, tuma, lakini siku maji yanapochotwa, kaa mbele.

Mimi bado nipo Masasi, natengeneza simu. Gemu nimelifuta.