Nimeifundisha Sayansi Ndoo ya Nyanya

Leo nimeifundisha sayansi ndoo ya nyanya. Msinicheke.

Jana, maabarani hapa Mbeya, nilidondoshea bakteria majimaji ya funza wa nzi. Leo nimekuta pale tone lilipoangukia wamekufa wote!

Niko peke yangu. Nimwambie nani?

Nikampigia mama. Anauzia abiria wa mabasi nyanya barabarani Ilula. Akapokea.

“Mama, funza ana vijiprotini! Vinajibandika kwenye ngozi ya bakteria, vinaitoboa, anavuja mpaka anakufa!”

Kimya. Nikajua ananisikiliza, nikaendelea kumweleza.

Akaongea jirani yake: “Mama yako kakimbilia basi kitambo. Simu kaiacha kwenye ndoo.”

Mama akarudi anahema. “Enhe mwanangu, ulikuwa unasemaje?”

“Kamwene, mama. Nilikuwa nakusalimia tu.”