Dakika Ishirini za Biharamulo hadi Ngara

Jumamosi iliyopita ujumbe wa posa ulifika kwangu Ngara kumposa binti yangu. Kwa desturi yetu jibu halitolewi mjomba wa binti asipokuwapo, na mjomba alikuwa Biharamulo, akisubiri kuletwa na ndege ndogo. Mshenga, mtu wa Kaniha, alionya kwamba jioni wangeondoka, wawe wamepata jibu au la.

“Ondoeni shaka,” nilisema, nikagawanya umbali wa angani kwa mwendo wa ndege mbele ya wote. “Dakika ishirini tu.”

Niliipenda hesabu hiyo kiasi cha kuwaongoza wageni hadi uwanjani wakaishuhudie. Ndege ilitokea kwa wakati wake, ikashuka, kisha ikapaa tena na kuanza kuzunguka. Ng’ombe walikuwa wametapakaa kwenye njia ya kutua ndege.

“Mwenye mifugo hii hana akili kabisa!” nilifoka, nikihakikisha wakwe wananisikia.

“Atozwe faini, mzee,” mshenga aliunga mkono.

Ndipo nikamtambua dume mwenye pembe moja. Asubuhi nilikuwa nimeagiza ng’ombe wangu wapelekwe mbali na wageni, penye majani mazuri. Nikavua koti, nikaokota fimbo, nikaanza kukimbia.

“Shikamoo, mzee!” mshenga alipaza sauti nyuma yangu. “Na hao uliwagawanya kwa ngapi?”

“Marahaba!” nilijibu nikihema.

Mjomba alitua, jibu likatolewa, binti ameposwa. Hesabu yangu ilikuwa sahihi hadi mita chache juu ya majani. Kamati ya harusi imenipangia kazi moja tu: kuchunga.