Ua Kwenye Soli

Hou Yinzhi alikuwa na miaka arobaini na tisa wakati roho ya kwanini ilipomwingia, na haikubisha hodi. Ilimwingia ofisini, Jumanne asubuhi, pale Bosi Qi alipoinua mchoro wa binti mgeni, akauangalia, akaugeuza, kisha akasema mbele ya watu wote, "Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta miaka yote!"

Miaka yote. Na miaka yote hiyo, aliyekuwa akimchorea ni nani?

Katika ule mji wa mkoani Shanxi, kando ya mto Fen, ungetafuta sana usimpate mtu ambaye hajawahi kushika kitu chenye nembo ya Yinzhi. Mfuko wa unga wenye mistari inayojikunja na kurudi bila kukatika, ile ile waliyoichora wazee kwenye vyombo vyao vya shaba, ulikuwa wake. Chupa ya siki yenye wingu mgongoni ilikuwa yake. Kopo la chai, boksi la keki za mwezi, mlango wa hoteli ya stesheni, vyote vyake. Na hakuna alichokiokota njiani. Bibi yake mzaa baba alikuwa fundi wa nakshi za karatasi kijijini kwao. Wanawake walimjia, naye akawakatia kwa mkasi chui milia, komamanga au samaki, wao wakabandika ile karatasi juu ya kitambaa na kudarizi kuifuata. Viatu vya mtoto wa mwezi mmoja, viatu vya bi harusi, viatu vya kumpeleka mtu kaburini, vyote vilianzia kwenye mkasi wa yule bibi. Yinzhi alimshikia karatasi tangu ana miaka saba. Bibi alipofariki, watoto wake waligombania nyumba na mbuzi. Yinzhi akaomba kitabu. Kilikuwa kitabu kikuukuu cha kilimo ambacho bibi alihifadhia nakshi zake katikati ya kurasa, zisijikunje. Hakuna aliyemnyima.

Baada ya hapo alichora mabango ya maduka kwa brashi, baridi ikimpasua vidole. Alipofika miaka thelathini kompyuta zikaja, akajifunza huku akilia. Kwa hiyo mtu asije akasema mama huyu alikuwa mvivu au hana kipaji. Alikuwa navyo vyote, isipokuwa kifua cha kuvumilia mwingine asifiwe.

Mwenyewe aliyesifiwa aliitwa Luan Kexin, miaka ishirini na tano, mzaliwa wa pwani huko Zhejiang, chuo kasomea Shanghai. Nywele fupi, kicheko cha mdomo wazi. Kila mtu ofisini alimpenda ndani ya wiki moja, kwa maana kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini si upya tu, na hilo ndilo lililomchoma Yinzhi. Binti alikuwa anachukua nakshi ya zamani, nzito, yenye mapambo hadi kwenye kona, anafuta hiki, anafuta kile, mpaka inabaki mistari mitano, na bado ukiiona unasema, naam, hili ni komamanga la kwetu. Yinzhi maisha yake yote alikuwa mtu wa kuongeza. Alijaribu naye kufuta, kwa siri, skrini kaigeuzia ukutani. Chui wake akageuka paka.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana, Yinzhi alikuwa akimimina siki kwenye bakuli lake la tambi, akamimina, akamimina, macho yakiwa kwa Kexin na Bosi Qi waliokuwa wakicheka meza ya pili.

"Dada Hou, taratibu na hiyo siki," Bosi Qi akamwita. "Utamaliza ya mkoa mzima!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko, maana kwao mwenye wivu huambiwa amekunywa siki. Yinzhi naye alicheka. Tambi zile hakuzimaliza.

Basi ikaja kazi ya viatu. Bwana Jiao, tajiri kutoka Guangdong huko kusini, alikuwa amenunua kiwanda cha viatu vya kitambaa pale mjini, akataka nembo ya viatu vya watoto. Nembo yenyewe ichongwe kwenye soli ya mpira, ili mtoto akikanyaga udongo mbichi aache alama nyuma yake. Iwe na asili ya pale pale, akasema, nakshi ya bibi zao. Na jina la mchoraji litaandikwa ndani ya kila boksi.

Jina ndani ya kila boksi! Nembo zote zile za Yinzhi, hata moja haikuwa na jina lake. Watu walikula unga wake na siki yake wakidhani vimejichora. Kazi hiyo aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu kile kitabu cha bibi.

"Mchore wote wawili," Bosi Qi akasema. "Mteja atachagua."

Kesho yake Kexin akaja mezani kwake, mikono kaikunja mbele kwa adabu. "Mwalimu Hou, nimesikia una kitabu cha nakshi cha bibi yako. Naomba nikiangalie, siku chache tu. Mimi sikulelewa huku, sijui kitu."

Bosi Qi alikuwa amesimama pale pale, anasikiliza. Angekataaje?

"Luan Mdogo, hilo nalo la kuomba?" Yinzhi akasema. "Nitakuletea kesho."

Alipofika nyumbani akakaa kitandani na kile kitabu, akaanza kutoa. Alitoa chui milia wote. Akatoa makomamanga, akatoa samaki wawili wenye mkia mmoja. Kila kilichokuwa kizuri kwa mtoto alikitoa, akakifungia kwenye boksi la biskuti. Asubuhi akamkabidhi binti kitabu, na binti akakipokea kwa mikono miwili, akainama.

Siku ya tatu Kexin alikuja mbio, kashikilia karatasi nyekundu iliyopauka kama kashika kifaranga. "Mwalimu! Tazama hili. Limekaa kama soli kabisa!"

Yinzhi akatazama. Alikuwa amelisahau. Ua la yungiyungi, petali nane, na kwenye kisigino kingazi kidogo cha vidato saba.

Bibi yake aliwakatia ua hilo wanawake wazee waliokuja kimya kimya, kila mmoja akijiandalia vyake mapema. Lilidariziwa chini ya soli ya kiatu cha maiti, ili marehemu akanyage yungiyungi aendako na apande ngazi salama. Aliye hai halikanyagi. Kazi ya kuvisha maiti kule ni ya wanawake wazee, na siku hizi viatu vyenyewe hununuliwa tayari vimefungwa; ndiyo maana Bosi Qi, mtoto wa mjini, hakujua, na Jiao wa kusini angejulia wapi? Katika ofisi ile nzima aliyejua ni mmoja.

"Maana yake nini, Mwalimu?"

"Ni yungiyungi," Yinzhi akasema polepole. "Ua la usafi. Linaota kwenye tope, lakini tope halilishiki."

"Na hii ngazi?"

"Ngazi ni ya kupanda. Mtu apande juu."

"Mtoto apande juu," Kexin akasema, macho yanang'aa. "Jamani, ni nzuri sana! Asante, Mwalimu."

Hakuna neno la uongo alilosema. Lakini aliyemficha kipofu shimo hahitaji kumsukuma.

Mara mbili alitaka kumwambia. Mara ya kwanza Kexin alimletea maandazi ya mvuke yenye maharage matamu, kwa kuwa alimsikia akikohoa. Yinzhi akafungua mdomo, na wakati huo huo Bosi Qi akapita akisema mchoro wa yungiyungi utapelekwa hata kwenye maonyesho ya mkoa. Mdomo ukajifunga. Mara ya pili alifika hadi kwenye meza ya binti, akaiona nembo kwenye skrini: petali nane zimekuwa mistari minane, ngazi imekuwa vidato vitatu, vyepesi, kama vimepulizwa pale. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kuchora yeye. Akageuka, akarudi mezani kwake. "Kwani mimi ni mama yake?" akajiambia. "Viatu vifike sokoni. Kikongwe wa kwanza atakayegeuza soli atapiga ukelele, na hapo ndipo watajua tofauti ya aliyezaliwa hapa na aliyeletwa na treni."

Jiao akachagua yungiyungi. Yule chui aliyechorwa na Yinzhi, Jiao alimtazama kwa heshima, akasema, "Mzuri. Ila kama nimeshamwona mahali."

Neno hilo Yinzhi alilala nalo mwezi mzima.

Ikafika siku ya sampuli. Jiao aliingia ofisini mwenyewe, uso umejaa furaha, na maboksi mawili mikononi, moja dogo, moja kubwa. Lile dogo alilikumbatia kifuani.

"Hivi ni vya mjukuu wangu," akasema. "Jumapili anatimiza mwezi. Nimealika meza ishirini. Atakuwa mtoto wa kwanza kuvivaa."

Watu wakapiga makofi. Kexin akalichukua lile boksi kubwa, akaenda nalo moja kwa moja hadi kwa Yinzhi, akampa kwa mikono miwili.

"Mwalimu Hou, nilimwomba Bwana Jiao atengeneze jozi moja ya mtu mzima. Ni ya kwako. Bila kitabu chako mimi ningechora nini? Na angalia ndani ya kifuniko."

Yinzhi akaangalia. *Mchoraji: Hou Yinzhi. Msaidizi: Luan Kexin.*

"Nilimwambia mimi mwenyewe aandike hivyo," Kexin akasema. "Nakshi ni ya kwenu. Mimi nimefuta tu vumbi."

"Vaa, Dada Hou, tupige picha!" Bosi Qi akasema, simu iko tayari.

Yinzhi akakaa, akavua kiatu chake cha kulia. Akakishika kile kipya, ua likamtazama. Jina lake lilikuwa hapo, kwenye kifuniko, lile jina alilolililia miaka yote. Na mbele yake kulikuwa na boksi dogo la mtoto wa mwezi mmoja. Aliinua mguu. Mguu ukakataa.

"Havikutoshi?" Kexin akauliza.

"Siwezi," Yinzhi akasema. "Hivi ni viatu vya maiti."

Simu ya Bosi Qi ikashuka. Yinzhi akaeleza yote, akitazama soksi yake, kwa sauti ambayo haikuwa yake. Jiao akafungua boksi dogo, akageuza kiatu kimoja kisichozidi kidole cha kati kwa urefu, akakirudisha, akajifuta kiganja kwenye suruali.

"Mjukuu wangu," akasema.

"Ulijua lini?" Bosi Qi akauliza.

"Tangu siku ya kwanza."

Wapo waliosema baadaye kwamba alisema kwa ajili ya mtoto. Wengine wakasema, wapi, alisema kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye boksi, na laana ya vikongwe ingemwangukia yeye. Yinzhi mwenyewe hujiuliza mpaka leo.

Hakufukuzwa. Hilo lingemrahisishia. Kalibu ya soli ilikuwa ya kuchongwa upya haraka, na Jiao, aliyekuwa amekasirika hadi hataki kukaa, akasema wampe chui basi, walau chui hamuui mtu. Na jina liandikwe la yule mama peke yake, kwa kuwa ndiye ajuaye mila. Alisema hivyo kwa uchungu, lakini karatasi zikaandikwa hivyo hivyo. Kwa hiyo siku moja hiyo hiyo Hou Yinzhi alipata kila alichokuwa akikitamani.

Jioni, wengine walipoanza kuvaa makoti, Kexin akaja na kitabu. Hakukitua mezani. Alikifungua mbele yake.

Karatasi ya kitabu ilikuwa imegeuka kahawia kwa uzee, isipokuwa katikati, palipobaki umbo jeupe pale nakshi ilipolala miaka yote: masikio, mkia uliojikunja, miguu minne. Chui milia, kamili, asiyekuwepo. Kexin akageuza ukurasa. Komamanga jeupe. Akageuza tena. Samaki wawili.

"Kurasa tisa," akasema. "Niliziona siku ile ile uliyonipa."

Yinzhi akahisi masikio yakiwaka moto. "Sasa mbona hukusema?"

"Nilidhani ni mambo ya ukoo. Hata kwetu bibi ana vitu haonyeshi wageni. Nikajiambia, akishanizoea atanionyesha."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Yinzhi angempa chochote alie, atukane, ampige hata kofi, wawe sawasawa. Lakini binti alikuwa ameumizwa na bado hakuwa na uchungu moyoni, na Yinzhi, aibu imemjaa, aligundua kwamba hata hilo analionea wivu.

Kexin akafunga kitabu, akakiweka. Kisha jicho lake likaenda kwenye skrini, kwa chui anayesubiri kupelekwa kiwandani, akainamisha kichwa kidogo kama afanyavyo siku zote.

"Masharubu yamezidi, Mwalimu," akasema. "Toa manne."

Akavaa koti lake, akaondoka.

Yinzhi alikaa na yule chui mpaka mlinzi akaja kufunga. Akatoa manne. Chui akaamka, akawa chui.

Ndiye huyo anayekanyaga matope ya mji mzima siku hizi chini ya miguu ya watoto, na ukifungua boksi utasoma jina moja tu. Kexin yuko Xi'an, ana ofisi yake. Yinzhi hajastaafu. Mvua ikinyesha, njia ya sokoni hujaa alama za chui wadogo, wanawake humwonyesha kwa kidole na kusema, "Ndiye huyo aliyewachora." Naye huinama kuzitazama, na macho yake hayaendi kwenye masikio wala kwenye mkia. Yanakwenda pale pembeni mwa mdomo, mahali palipo patupu, na kila mara huhesabu manne.