Nekesa na Darasa la Ngumbaru

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, msimamizi wetu alinikabidhi rejista, boksi la chaki na ufunguo wa ukumbi mdogo wa kanisa huko Kibera, upande wa Ayany. Nilikuwa mwalimu wa ngumbaru, yaani elimu ya watu wazima.

"Mwalimu Rasoa," akaniambia, "mtoto ukimwaibisha, kesho mamake atamrudisha. Mtu mzima hana wa kumrudisha."

Baada ya miaka michache nilihamishiwa Kawangware, sehemu iitwayo Kongo. Darasa lilijaa mafundi, mayaya na akina mama wa sokoni, na mwalimu nilikuwa peke yangu. Wakati huo vyuo vikuu vilifungwa mara kwa mara kwa sababu ya migomo. Ndivyo nilivyompata Nekesa, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake huko Kongo. Alitaka kujitolea, nikampa kundi la wanaoanza herufi.

Alikuwa na akili kali na haraka nyingi. Jioni moja Mzee Wafula, mwashi wa miaka hamsini na kitu, aliandika jina lake ubaoni, herufi F ikatazama nyuma. Nekesa akacheka. Darasa likacheka naye. Mzee akapangusa mikono, akatoka. Wiki nzima hatukumwona.

"Lakini Mwalimu, nilicheka tu kidogo," Nekesa alijitetea.

"Basi nenda ukamwambie hivyo kazini kwake."

Alienda. Kesho yake alinijia mikono imechubuka, akanisimulia. Aliomba msamaha mbele ya vibarua wote. Mzee alimpa mwiko wa kujengea tu, akamwonyesha mawe. Safu aliyojenga ilipinda vibaya, vibarua wakaangua kicheko.

"Muacheni," Mzee akawakemea. "Ukuta wangu wa kwanza ulianguka."

Akamfunza kuvuta uzi wa kunyooshea ukuta. Wakabomoa, wakaanza tena.

"Mwalimu," Nekesa akaniambia polepole, "hakuniuliza hata mara moja kwa nini sijui."

Tangu siku hiyo hakusimama tena ubaoni akihimiza watu. Aliketi kwenye benchi kando ya mwanafunzi, akamngoja. Jumatatu Mzee alirudi.

Afisa wa wilaya alipokuja kukagua, alimpa Mzee kitabu asome. Mzee akakwama kwenye neno moja, afisa akaanza kukusanya karatasi zake. Nekesa alikuwa akiuma midomo, lakini hakumsaidia.

"U... nye... vu... nyevu," Mzee akasoma. "Unyevunyevu!"

Nekesa alitoka nje kulia.

Chuo kilifunguliwa, akaenda zake, wakaja wengine. Sasa nimestaafu, na watu hunisifu kwamba niliwalea vijana wale wa kujitolea. Mimi niliwapa chaki na benchi. Waliowakuza ni wale waliofika jioni na simiti kwenye kucha, wakakubali kufundishwa na watu wa umri wa watoto wao.