Samaki Aliyegoma Kula

Ipo siku moja naikumbuka kila nikisikia mtu analalamika kwamba fulani hataki kula, na leo asubuhi uliponipigia simu, mwanangu, nimeikumbuka tena. Umerudia kufuga samaki baada ya miaka mingi ya kuacha, tangi limejaa, taa inawaka, na sasa jike mmoja amefunga mdomo na wewe huna raha. Unaniuliza umpe nini. Tulia kwanza nikueleze, na usinikatize kama ulivyozoea.

Mie nilikuwa msichana, sijaolewa bado, tukikaa Tandika. Baba yangu alikuwa karani, mtu wa Kigoma, na alikuwaga na samaki wa mapambo wa ziwa la kwao. Ni ndugu wa sato na perege, ila hawa ni wadogo, weusi, wana mkanda wa njano ubavuni. Mama alipougua, samaki wakakosa wa kuwaangalia, wakafa mmoja mmoja, na tangi likawa la kuwekea nguo za kupiga pasi. Kisha Mama akafariki. Arobaini ilipopita, Baba akaacha kula. Si kwa ukali. Anakushukuru, anasogeza sahani, anasema ameshiba. Chai ya rangi na kipande cha mkate, basi. Shati likaanza kumpwaya mabegani, na mie nikaanza kuogopa kwamba naye ananiacha.

Ndipo nikaamua kulirudisha tangi, apate kitu cha kumwamsha asubuhi. Nikaliosha bila sabuni, nikapanga mawe, nikajaza maji ya kisima cha jirani, yale magumu ambayo ukifulia povu halitoki. Samaki wa ziwa lile ndiyo wanayoyapenda. Nikaweka pampu ya hewa na sponji ya kuchuja, nikangoja wiki kadhaa maji yapate wale wadudu wasioonekana wanaokula uchafu, ndipo nikaenda Kinondoni kununua samaki. Tangu hapo sikuwa na amani. Umeme ukikatika pampu inazima, nami nachota maji kwa kikombe na kuyamimina humohumo mpaka mkono unakufa ganzi. Nilikuwa nawaza, hawa wakifa, Baba atakata tamaa kabisa. Yeye alivuta kiti mbele ya kioo, akawa anatazama tu. Na chakula bado hali.

Ikapita miezi. Siku moja jike mmoja akajibanza nyuma ya jiwe, taya limevimba, chakula kinapita mbele yake anakiangalia tu.

Siku hiyohiyo Shangazi, dada mkubwa wa Baba, akaja kutoka Vingunguti na supu ya makongoro kwenye hotipoti. Shangazi alikuwa hawezi kutulia kwenye nyumba yenye mtu asiyekula. Si unajua kwetu, mgonjwa anabembelezwa tonge kwa tonge, ukimwacha na njaa watu watasema humpendi. Baba akaonja kijiko kimoja, akasogeza bakuli. Shangazi akageukia tangi, na kabla sijasema neno alishachukua kipande cha nyama, anakivunjavunja ndani ya maji. "Na wewe kula, mama, utakufa," akamwambia yule samaki, tena kwa mapenzi kabisa. Mafuta yakatanda juu, maji yakaingia ukungu, samaki wakapanda kuhema. Mie nikakurupuka na wavu, nimtoe yule jike, nimpanue mdomo nione kama ana jipu.

Baba akanishika mkono. "Mwache. Haumwi huyo. Ana watoto mdomoni."

Nikaushusha wavu. Akatueleza polepole kwamba jike wa samaki hawa huyaokota mayai yake na kuyatunza mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea, na muda wote huo hali, au anakula kidogo mno. Ukimtia hofu anawatema, na ndiyo mwisho wao. "Toeni hiyo nyama, punguzeni maji, mtie mengine. Halafu mkae mbali naye." Kisha akamgeukia Shangazi. "Na mie hivyohivyo, Dada. Sijagoma. Msiba wangu haujaisha, na mkinihimiza namna hii sipati nafasi ya kuumaliza."

Shangazi akaketi mkekani akalia. Mie nikabeba ndoo huku machozi yananitoka, sijui jike atapona, sijui Baba atapona. Wiki zile zilikuwa ndefu, mwanangu. Tangi nalichungulia kwa mbali kama mwizi. Sahani ya Baba naiweka mezani, nakaa naye, nakula yangu, sisemi "kula". Ilinigharimu sana kunyamaza.

Asubuhi moja nikaona vitoto vyeusi vyenye madoa meupe vinaelea karibu na mdomo wa mama yao. Nilikwenda jikoni kuchemsha mchicha, maana samaki hawa hula majani, Baba akaja akasimama mlangoni.

"Huo mchicha wote ni wa samaki?"

Nikamwambia hapana. Nikasonga ugali. Hakula mwingi, ila alikula.

Kwa hiyo, mwanangu, jike wako, maana umeniambia ni wa aina ileile, usimguse. Angalia maji yawe safi na pampu ifanye kazi, basi. Na utakapokuwa na mtu nyumbani aliyefunga mdomo, usidhani anakudharau, na wala usimsukumie bakuli ili wewe upate kulala. Akidhoofika mno mpeleke hospitali, hilo sikukatazi. Lakini kabla ya hapo muulize mara moja kwa upole ana nini, kisha kaa naye, hata kama hajibu. Wasiwasi ni wako, ubebe mwenyewe, usimtwishe anayeteseka.

Mungu akupe moyo wa kungoja, na wote unaowahofia akuachie, mpaka uwasikie wenyewe wakikuuliza kuna chakula gani leo. Amina.